Usihukumu anime kabla hujaimaliza: niliyojifunza nikimsomea mama Frieren

Juzi usiku nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja kijana anayefuatilia anime, yaani katuni za Kijapani. Nauweka hapa kwa ruhusa yake: "Shikamoo dada. Msimu huu nimemaliza anime 11. Jana rafiki yangu kaniuliza ipi imenigusa, nikakosa jibu. Nakumbuka rangi za nywele tu, majina yote yamenitoka. Na ndoto yangu ni kuandika kuhusu anime kama wewe. Nakosea wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Nilikusudia kukujibu kwa mistari miwili nikalale, lakini kila nilichoandika nilikifuta, kwa sababu kosa lako nalijua vizuri mno. Nimeishi nalo karibu mwaka mzima, tena mbele ya watu, na likanipotezea rafiki wa miaka sita. Kwa hiyo kaa, jibu lenyewe ni refu.

Najua unachokitaka, maana ndicho tunachokitaka sote tunaofuatilia mambo haya. Tunataka siku tukisema "hii iangalie", mtu aache shughuli zake akaiangalie, na akishamaliza arudi kutushukuru. Tunataka neno letu liwe na uzito. Mimi niliamini uzito huo unapatikana kwa kuangalia nyingi kuliko wenzangu. Nikajiwekea lengo: anime 100 ndani ya miezi 12, na kila moja niitolee maoni na alama.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Anime ya msimu mmoja mara nyingi ina episodi 12 au 13, kwa kuwa televisheni za Japani huzipanga kwa robo mwaka: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Ukiruka wimbo wa kufungulia na wa kufungia, episodi inabaki na kama dakika 20. Episodi 12 ni saa nne. Ongeza kasi ya video mara moja na nusu, saa nne zinakuwa saa mbili na dakika 40. Jioni moja, anime moja. Niliipenda sana hesabu hiyo. Nilimwambia kila aliyetaka kunisikiliza.

Juu yake nikaongeza sheria ya episodi tatu: kama tatu za kwanza hazijanishika, naitupa na kuandika kwamba haifai. Sheria hiyo sikuitunga mimi. Mashabiki wengi huihusisha na Puella Magi Madoka Magica ya 2011, ambayo unaiona ni hadithi ya wasichana na mavazi ya kupendeza mpaka episodi ya tatu ikutandike na kifo ambacho hukukitarajia. Kwa Madoka, sheria inafaa. Ijaribu kwa Steins;Gate ya mwaka huohuo, yenye episodi 24, na utaondoka ukidhani umeona vijana wanaobishana kuhusu simu na maikrowevu, kwa sababu hadithi inakuja kulipuka karibu na episodi ya 12. Nilikuwa naijua mifano yote miwili. Nilimaliza Steins;Gate miaka mingi kabla, kwa utulivu, na niliilia. Bado nikaifuata sheria ile, kwa sababu ilinipa ruhusa ya kwenda haraka.

Nilifika 87. Miezi ile mingi sina cha kuisimulia. Nilikuwa naangalia, naandika, naangalia.

Sasa niseme linaloniuma. Vinland Saga, msimu wa kwanza, ilitoka 2019 kutoka Wit Studio, na niliipa alama 10. Ni hadithi ya Thorfinn, mtoto aliyeshuhudia baba yake Thors akiuawa, kisha akakua akimfuata muuaji huyo huyo, Askeladd, kutoka vita hadi vita, akisubiri siku ya kulipiza kisasi. Msimu wa pili ukaja 2023, studio ikiwa MAPPA, mwongozaji akiwa yule yule, Shuhei Yabuta. Na unaanza na mtu usiyemjua kabisa. Anaitwa Einar, kijiji chake kinavamiwa, anauzwa utumwani, anapelekwa Denmark kwenye shamba la mtu anayeitwa Ketil, na huko anamkuta Thorfinn, naye mtumwa, macho yamekufa, kazi yake kukata miti na kung'oa visiki ili msitu uwe shamba.

Nikaangalia episodi tatu kwa kasi yangu ile, simu mkononi, huku najibu ujumbe. Nikaandika: "Wamechukua hadithi ya wapiganaji wakaifanya somo la kilimo. Nimeishia ya tatu, nanyi msipoteze muda." Nikaipa alama 4.

Kuna kaka mmoja ambaye tulikuwa tukiangalia vitu pamoja kwa simu, kila mtu kwake. Tulihesabu pamoja "moja, mbili, tatu" kisha tunabonyeza kwa wakati mmoja. Novemba 2023 tulikesha hivyo tukisubiri mwisho wa Attack on Titan, ambayo tulikuwa tumeishi nayo tangu tukiwa watu tofauti kabisa. Yeye akaniandikia kwa upole: "Umefika episodi ya ngapi?"

Ningeweza kusema tatu. Nilimjibu kwamba sihitaji kunywa bahari yote ili nijue ina chumvi, na kwamba yeye hujishikiza kwenye kila kitu kwa sababu hajui kuchagua. Akajibu, "Basi sawa dada." Hakuniandikia tena.

Wengine hawakuwa wapole kama yeye. Kwenye kundi tulilokuwa tunajadiliana waliniita "mwandishi wa episodi tatu", jina likanasa, na mtu niliyedhani ni mwenzangu ndiye aliyelisambaza zaidi. Nikatoka kwenye kundi. Sitadanganya kwamba limepona. Hadi leo nikiona mtu ameandika "tatu" karibu na jina langu moyo unaruka. Lakini nilijitetea miezi mingi kwa kusema wana wivu, wakati ukweli nilikuwa naujua: nilikuwa nimetoa hukumu juu ya kitu ambacho sikukiona.

Kilichonisimamisha ni macho ya mama.

Alifanyiwa upasuaji wa jicho, na kwa majuma kadhaa picha alikuwa anaziona ila herufi ndogo zilikuwa zinaungana kama mchwa. Alichoka kukaa kimya. Nikahamia kwake kumuuguza, na jioni moja akasema, "Niwekee na mimi hizo katuni zako, angalau nisikie sauti." Nikafikiria ipi haina matusi wala damu nyingi. Nikachagua Frieren, ambayo mimi nilikuwa nimeshaimaliza katika ile mbio yangu na kuipa 7, nikiandika "nzuri lakini inazubaa".

Sasa elewa tatizo lililonikuta. Sauti ni Kijapani, maandishi ya chini ni Kiingereza, na mama anataka Kiswahili. Ikabidi nisome kwa sauti, natafsiri papo hapo. Na Kiswahili hakiingii kwenye muda wa Kijapani. Mhusika anamaliza kusema mimi bado niko katikati ya sentensi. Kwa hiyo nasimamisha, nasoma, naendelea, nasimamisha. Kwa kasi ya mara moja na nusu haiwezekani hata kidogo. Episodi ya dakika 24 ilituchukua dakika 50, wakati mwingine saa nzima kwa sababu ya maswali yake. Episodi 28 zilitumaliza karibu miezi miwili.

Kama huijui, Frieren inaanzia pale hadithi nyingine zinapoishia. Mashujaa wanne wamemshinda Mfalme wa Mashetani, safari yao ya miaka 10 imekwisha, wanarudi nyumbani. Frieren ni elfi, kiumbe wa hadithi anayeishi muda mrefu mno; ameshaishi zaidi ya miaka elfu moja, kwa hiyo miaka 10 kwake ni kama juma moja. Anaaga wenzake, anakwenda kukusanya uchawi wake mdogo mdogo, anarudi baada ya miaka 50. Himmel, kijana mzuri aliyekuwa kiongozi wao, ni mzee mfupi mwenye upara. Anakufa. Kwenye mazishi Frieren anasimama bila chozi, watu wanamnong'ona, kisha analia akisema hakumjua, na kwamba alijua maisha ya binadamu ni mafupi, kwa nini hakujaribu kumjua zaidi.

Mimi mara ya kwanza sehemu hiyo niliipita nikingojea mapigano. Mama aliniambia, "Rudisha nyuma. Amezeeka saa ngapi?" Nikarudisha. Akasema tena nirudishe. Ndipo nikaona kile ambacho kasi yangu ilikuwa imekifuta: miaka 50 inapita kwa picha chache sana, makusudi, ili wewe nawe ushtuke kama Frieren anavyoshtuka. Mwongozaji Keiichiro Saito anakufanyia kile kile anachofanyiwa mhusika. Mtu anayeangalia kwa haraka hawezi kushtushwa na haraka. Nilikaa pale na rimoti mkononi nikiona aibu.

Huyu Saito, niwakumbushe, ndiye aliyeongoza Bocchi the Rock! mwaka mmoja tu kabla, 2022, anime ya msichana mwenye hofu ya watu inayorukaruka kwa mitindo ya uchoraji kila dakika. Ukitaka kujua ukimya wa Frieren si uzembe, linganisha hizo mbili. Mtu anayeweza kuchora fujo ile akaamua kunyamaza, ana sababu. Na muziki wa Evan Call umewekwa kwa uangalifu huo huo. Kuna pahali unaingia baada ya maneno kwisha, wakati ambapo mimi nilikuwa nimeshabonyeza mbele.

Kuna episodi moja, ya 14, siwezi kuiacha. Frieren anapoteza pete aliyopewa na Himmel zamani. Walikuwa dukani, akaambiwa achague pambo, akachagua pete bila kufikiri. Nakshi yake ni yungiyungi, na maana ya yungiyungi hilo ni mapenzi ya milele. Himmel alijua. Alipiga goti akamvalisha kidoleni taratibu. Frieren hakujua kitu, na hadi leo haijulikani vizuri anajua kiasi gani.

Nilipomaliza kusoma mama hakuuliza swali. Baadaye akanyoosha mkono wenye saa, ile saa yake ndogo ambayo nimemwona nayo tangu baba afariki. Akasema, "Hii baba yako aliponipa ilinipwaya. Nikamwambia hukunipima. Nikaiweka kwenye droo miaka 11. Alipoondoka ndiyo nikaipeleka kwa fundi, akatoa vipingili viwili. Ilikuwa kazi ya dakika tano."

Nimeishi na mama maisha yangu yote na sikuijua habari hiyo. Anime niliyoipa alama 7 ndiyo iliyomfungua mdomo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alama 87 nilizokuwa nimetoa hazikuwa na thamani, hata zile zilizokuwa sahihi.

Basi mdogo wangu, ushauri wangu wa kwanza: punguza kasi. Rudisha kasi ya kawaida, zima simu, acha wimbo wa kufungulia upite. Picha za sekunde moja ni 24, na kwa kawaida wachoraji wa anime hushikilia mchoro mmoja kwa picha mbili au tatu, yaani michoro kama minane hadi 12 kwa sekunde. Kuna mtu alikaa na penseli kuamua mkono wa Himmel utulie wapi. Ukimpitisha kwa kasi unaitupa kazi yake, halafu unaandika kwamba ameshindwa. Tusifanye hivyo. Sisi tunaotaka neno letu lichukuliwe kwa uzito hatuna haki hiyo.

Sisemi Frieren haina kasoro. Mtihani wa wachawi wa daraja la kwanza, unaochukua sehemu kubwa ya mwisho, unaingiza wahusika wengi kwa mkupuo na ile hali ya safari inapotea. Mama alilala mara mbili. Lakini aliamka kwenye lile gofu la chini ya ardhi ambamo Frieren na mwanafunzi wake Fern wanapambana na nakala ya Frieren mwenyewe, na akasema Fern amekua, kwa sauti ya mtu anayemsema mjukuu. Kwa kweli Fern ndiye aliyempenda kuliko wote. Aliposikia jinsi Heiter, kuhani mlevi kati ya wale mashujaa wanne, alivyomzuia mtoto huyo yatima asijirushe kutoka kwenye genge, kwa kumwambia kwamba akifa mtu, kumbukumbu za wale aliowapenda hufa naye, mama alinifanya nisome mstari huo mara tatu. Leo naipa 10. Mama haamini katika alama.

Baada ya hapo tukaenda kwenye The Apothecary Diaries, iliyoanza Oktoba 2023, msimu wa kwanza episodi 24, wa pili 24 tena mwaka 2025. Hii sikuwa nimeifikisha mbali. Niliitupa kwenye ya pili. Maomao ni binti aliyelelewa mtaa wa makahaba na mganga wa dawa, akatekwa na kuuzwa kuwa mtumishi kwenye kasri linalofanana na la wafalme wa China ya kale. Anajua sumu kuliko anavyojua watu. Kisa cha kwanza kabisa, watoto wachanga wa mfalme wanakufa mmoja mmoja, wenyewe wanasema ni laana, kumbe ni poda nyeupe ya uso yenye madini ya risasi. Mama alikisia kabla sijafika. "Ni hiyo poda," alisema, "mbona mama mtu naye anakohoa?" Tangu hapo ikawa mashindano. Nasimamisha, anataja mshukiwa, naendelea. Alinishinda mara nyingi, kwa sababu yeye alikuwa anaangalia mikono ya watumishi wakati mimi nasoma maandishi.

Tuligombana kuhusu Lakan tu, baba mzazi wa Maomao. Mwisho wa msimu wa kwanza unaeleza yeye na Fengxian, mama mzazi wa Maomao, mapenzi yaliyochelewa mpaka mwanamke ameshaharibiwa na ugonjwa, na Maomao anacheza ngoma juu ya ukuta usiku kuwaaga. Mimi nililia, nikamsamehe Lakan. Mama alikataa katakata. Alisema mwanamume aliyechelewa miaka yote ile hasafishwi na episodi moja nzuri. Hadi leo hatujakubaliana, na naona hoja yake ina nguvu kuliko nilivyotaka kukiri siku ile.

Ushauri wa pili unafanana na wa kwanza: angalia na mtu, na umngoje. Kama huna mtu, soma maandishi kwa sauti mwenyewe. Najua utaona haya. Soma hivyo hivyo. Kinywa hakiwezi kukimbia kama macho.

Macho ya mama yalipopona nikarudi kwangu, na nikaanza kuzirudia zile nilizozihukumu. Dandadan ya Science Saru, iliyoanza Oktoba 2024, sikumwonyesha mama. Episodi ya kwanza ina kipande cha viumbe wa anga na Momo, binti ambaye ni mhusika mkuu, ambacho sikukipenda mara ya kwanza na sikipendi leo; kumvua nguo binti wa shule ili tucheke au tushtuke ni uvivu, na anime yenye akili kiasi hicho haikuhitaji uvivu huo. Hilo nalisimamia. Lakini episodi ya 7 niliyoiandikia "ya kawaida" nimeirudia mara nne sasa. Kuna mzimu wa mwanamke mwenye nywele ndefu anayecheza dansi, umekuwa ukiwafukuza, na unang'ang'ania kumwita binti mmoja aitwaye Aira mwanawe. Halafu ghafla tunaonyeshwa maisha yake alipokuwa hai: mama mmoja, mtoto mmoja wa kike, kazi zisizohesabika, gauni jekundu. Maneno ni machache sana. Ukiwa na simu mkononi utaona mzimu, mapigano, mzimu umekwisha. Hivyo ndivyo nilivyoona. Safari hii nilikaa bila kupumua, na Aira alipomkumbatia nilimpigia mama simu saa nne usiku bila sababu ya kumweleza.

Nilibakiza Vinland Saga. Niliizunguka kwa juma zima. Nilikuwa naogopa kwamba itakuwa nzuri.

Ni zaidi ya nzuri. Nilianza upya, episodi ya kwanza, kasi ya kawaida, nikisoma kwa sauti peke yangu chumbani. Ile niliyoiita somo la kilimo ni mtu anayejifunza kuishi kwa mikono ile ile aliyozoea kuulia. Anang'oa kisiki, kinagoma. Wanaenda kuomba farasi kwa mzee Sverkel, baba yake Ketil, na mzee anawafanyisha kazi kwanza. Ngano inachipua, Thorfinn anaangalia mche wa kijani kidogo, na uso ambao haukuwa na kitu kwa episodi kadhaa unakuwa na kitu. Kama hukuvumilia ukavu ule wa mwanzo, mche huo kwako ni jani tu.

Episodi ya 9 anaota yuko shimoni na wote aliowaua wakimpandia, na huko ndiko anakoapa kuacha kuua. Kuelekea mwisho anakubali kupigwa ngumi 100 bila kurudisha, ili tu aruhusiwe kuzungumza na mfalme Canute kabla shamba halijateketezwa. Wanamuuliza kwa nini hapigani na adui zake, naye uso umevimba anasema hana maadui. Nilisimamisha video hapo. Maneno hayo alishaambiwa na baba yake, Thors, msimu wa kwanza alipokuwa mtoto. Msimu ule ule niliojisifu kwamba naujua na kuupa 10. Nilikuwa nimeyasahau. Hadithi nzima ya episodi 48 imejengwa juu ya sentensi moja, na mimi niliyejiita mchambuzi sikuwa nayo kichwani.

Kwa hiyo, mdogo wangu, na wengine mnaosoma: malizeni kwanza. Kama huwezi kumaliza, nyamaza. Hakuna aliyekushika shati uandike. Unaweza kusema "nimeishia hapa, haikunishika", hiyo ni kauli ya ukweli na haimdhuru mtu. Ila usimwambie mwenzio asipoteze muda juu ya kitu ambacho wewe hukukipa muda. Neno letu lina nguvu kuliko tunavyodhani. Kuna watu waliniamini. Wapo ambao hawatamwona Thorfinn akiangalia ule mche kwa sababu mimi nilikuwa najibu ujumbe. Hilo silisahau, na sitaki nawe uje ulibebe. Angalia tatu kwa msimu kama ndizo unazoweza kuziangalia vizuri. Tatu unazozikumbuka zitakujenga kuliko 11 za rangi za nywele. Punguza kasi. Narudia kwa sababu mimi niliambiwa mara moja na sikusikia.

Yale maoni ya alama 4 nimeyaacha pale pale, na chini yake nimeandika tarehe na kwamba nilikosea. Alama 86 nyingine nimezifuta zote. Nitazirudisha moja moja nikizirudia.

Na yule kaka nilimwandikia. Sikujieleza sana, nilimwambia nimemaliza, nikamwomba msamaha kwa lile la bahari na lile la kutojua kuchagua. Alikaa siku nne bila kujibu, na siku hizo nne zilikuwa ndefu. Nilitegemea atasema anafurahi nimeiona hatimaye. Alichoandika ni kwamba yeye mwenyewe hakuimaliza. Siku ile aliponiuliza nimefika wapi alikuwa kwenye episodi ya 16, akitaka twende pamoja kuanzia hapo, na baada ya jibu langu kila akiifungua alikuwa anasikia maneno yangu badala ya yale ya kwenye video, basi akaiacha.

Sikujua la kumwambia. Nikamuuliza kama Jumamosi ana nafasi. Akasema anayo, baada ya saa mbili usiku. Tutaanzia ya 17, na safari hii yeye ndiye atakayehesabu.